Pedeli Laini na Kona za Maninjau

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya mtaro wa mpunga, gari limeinamisha pua kama bata anayetafuta konokono, breki zimekufa, na mama mkwe wangu ameketi kiti cha nyuma na sufuria ya nyama mapajani. Alinikazia jicho moja. Jicho lile lilinitisha kuliko kukosa breki.

Kwa ambao ndio kwanza wanafungua ukurasa huu: naitwa Jasrul. Ukweni naitwa Sutan, jina la heshima nililovikwa siku nilipooa. Huku kwetu Matur, juu milimani, mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mke, shamba ni la mke, hata kuku ni wa mke. Wazee husema mume nyumbani kwa mkewe ni majivu juu ya kisiki. Upepo ukivuma kidogo tu, hayupo.

Mke wangu ni Yusnimar. Mdogo wake, Elfina, anaolewa na kijana mmoja wa Maninjau, anaitwa Afrizal. Na gari lile la mtaroni lilikuwa la baba yao, ambaye Mungu alimchukua mwaka jana.

"Baba hatakuwepo," Elfina alisema. "Basi gari lake ndilo liende kumleta mume wangu."

Nani angembishia?

Sasa, kwetu bwana harusi hajipeleki. Huendewa kwao. Huombwa kwa tambuu na maneno matamu, kisha huletwa kwa heshima mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Akijileta mwenyewe kama mtu aliyekuja kuazima jembe, ni aibu ya koo mbili.

Na Maninjau iko chini, ziwani. Kufika huko lazima ushuke Kona Arobaini na Nne. Upande mmoja jabali, upande mwingine hewa tupu. Kona zile hazina mzaha na mtu asiye na breki.

Gari lilipovutwa kutoka mtaroni, nilisimama uani mbele ya wakwe zangu wote nikapiga kifua.

"Nitalitengeneza mwenyewe. Vifaa vipya, mkono wangu."

Bagindo alicheka. Bagindo ndiye mume wa Desmawati, dada mkubwa wa mke wangu, majivu mwenzangu juu ya kisiki kilekile, ila yeye ni majivu yenye gari jipya na shati lililopigwa pasi.

"Mwenyewe?" akasema. "Sutan, wewe hata mlango wa choo uliuning'iniza juu chini."

"Mlango ni mlango, Uda. Breki ni breki." Uda kwetu ni kaka, na mke humwita mumewe hivyo hivyo.

"Ndiyo maana naogopa."

* * *

Nikanunua vifaa. Vibanio viwili vya magurudumu ya mbele, yale machuma yanayoibana diski mpaka gari lisimame, cha kulia na cha kushoto. Pedi mpya. Mipira mipya ya kupitishia mafuta. Nikavitandaza juu ya gunia uani, vya kulia upande wa kulia, vya kushoto upande wa kushoto, kama mtu anayejua anachofanya.

Nikaenda kuswali. Nikarudi. Nikafunga kimoja, nikafunga cha pili. Kila nati ilikaa. Nilijiona fundi wa kuzaliwa.

Nikaingia ndani ya gari, nikakanyaga pedeli.

Ikazama.

Haikugoma hata kidogo. Ilikwenda chini polepole, laini, kama kukanyaga andazi la moto, mpaka ikagusa sakafu.

Nikatulia. Haya mambo nilikuwa nayajua. Ukifungua mipira ya breki, upepo huingia kwenye mafuta. Mafuta hayabonyei, upepo hubonyea. Kwa hiyo ukikanyaga, nguvu ya mguu wako inaishia kubana upepo badala ya kubana diski. Dawa yake ni kuutoa. Mmoja anakanyaga, mwingine analala chini, anafungua kinati kidogo kwenye gurudumu, mafuta yanatoka na viputo vyake kupitia mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Unafunga. Unarudia mpaka viputo viishe.

Nikamwita mke wangu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

"Usiachie!"

"Uda, nimekwambia nimeshikilia. Unanipigia kelele kama nyati wa kulima."

"Sasa achia. Kanyaga tena!"

Tukaenda hivyo, gurudumu moja baada ya jingine. Viputo vilitoka kama vya samaki. Nikawa nahesabia ushindi. Ghafla vikazidi tena, vingi kuliko mwanzo.

"Uda," mke wangu akaita kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo mwenye ndoa anajua si ya upole. "Hiki kikopo cha mafuta ya breki huku mbele kinatakiwa kiwe kikavu?"

Nikapiga kichwa kwenye chuma nikiinuka. Nilisahau kuongeza mafuta. Kikopo kilikuwa kimekauka, na pampu ilikuwa inavuta upepo mtupu. Kazi yote tuliyoifanya ilikuwa bure.

Tukajaza. Tukaanza upya. Safari hii Yusnimar alikuwa akichungulia kikopo kila mara na kunitangazia kama mpiga mbiu msikitini. Viputo vikapungua, vikaisha kabisa. Mafuta yakatoka safi kama chai ya mkandaa.

Nikaingia, nikakanyaga.

Ikazama.

* * *

Habari mbaya ina miguu. Kufika alasiri kila jirani alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema nibadilishe aina ya mafuta. Mwingine alisema viatu vya breki za nyuma viko mbali na ngoma ya chuma vinayoibana, nivikaze. Nikavikaza. Pedeli ikapanda kidogo, ikazama vilevile. Mwingine alisema gari lina huzuni, linamlilia mwenyewe.

Bagindo akaja, akaegesha gari lake jipya kando ya langu, akashuka akishika kola.

"Bado unakamua huyo ng'ombe?"

"Karibu kumaliza."

"Pampu kuu imekufa hiyo. Tupa. Halafu ukishatupa pampu, tupa na gari. Jumapili tutakwenda na langu, basi."

"Elfina anataka gari la baba yake."

"Elfina anataka mume, Sutan. Mume mzima. Si wa kuokotwa korongoni."

Alisema kweli, na kweli ya Bagindo huniwasha kuliko uongo wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipogundua jambo moja, na ningali naona haya kulisema. Ukiikanyaga ile pedeli haraka haraka, mara mbili, mara tatu, ilikuwa inasimama. Inakuwa ngumu kabisa, ngumu ya kudanganya mtu. Ukiiacha ikapumzika, inarudi kuwa andazi.

Nikajisemea: nani atajua?

Jioni ile, kabla jua halijazama, mama mkwe alitoka ndani, akanikuta kwenye kiti cha dereva. Amak Rosmaini, amak ndiyo mama kwetu, ni mwanamke mfupi, lakini akisimama mlangoni mlango unajaa.

"Sutan. Limepona?"

"Limepona, Amak." Mguu wangu ulikuwa tayari unapiga pedeli, tap, tap, tap. "Njoo ujaribu mwenyewe."

Nikateremka haraka. Akapanda, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Akakanyaga. Pedeli ikasimama imara.

"Aha," akasema.

"Umeona, Amak?"

Nilitegemea atashuka. Hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, akautazama. Akapangusa vumbi kwenye saa ya mwendo kwa ncha ya mtandio wake. Akaanza kuniambia jinsi marehemu alivyomfundisha kuendesha gari hilihili akina Desmawati wakiwa wadogo, na jinsi alivyogonga banda la bata. Nilicheka mahali pa kucheka. Moyoni nilikuwa naomba: shuka, mama, shuka.

Alipomaliza hadithi yake, akakanyaga tena.

Nyote mnajua kilichotokea.

Mguu wake ulizama mpaka kiatu kikagonga sakafu. Amak alinitazama kupitia dirishani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Sutan," akasema taratibu. "Ulitaka kunishusha kona zile na hiki?"

Nyuma yangu nilisikia mtu akianza kulia. Elfina alikuwa amesimama barazani, hina mbichi vidoleni, ameona kila kitu. Akageuka, akakimbilia ndani na simu yake.

Yusnimar ndiye aliyenipeleka pembeni.

"Ulijua?"

"Ningekuwa nakanyaga mara tatu tatu tu."

"Kila kona? Kona arobaini na nne, mara tatu tatu? Mguu wako ni cherehani?"

"Yus..."

"Ungetuua, Uda. Ungetuua kwa ajili ya kumnyamazisha Bagindo."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha maradhi ya gari, na kifo kilikuwa cha watu wengine. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni kama kifaranga kilichonyeshewa.

"Kesho asubuhi nitamwambia Amak twende na gari la Bagindo," nikasema.

"Utamwambia," akajibu. "Lakini kwanza tutabadilishana. Wewe utakanyaga, mimi nitalala chini. Pengine tatizo ni jicho."

* * *

Asubuhi mke wangu alijifunga kanga ya shamba, akajiingiza chini ya gari na chupa yake. Nikakaa kwenye kiti.

"Kanyaga," akasema.

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Unajisikiaje kupigiwa kelele?"

"Vibaya."

"Vizuri."

Akafungua, akafunga. Halafu nikasikia sauti yake kutoka kwenye gurudumu.

"Uda. Viputo vya upepo ndani ya mafuta, vinapanda au vinashuka?"

"Vinapanda. Swali gani hilo?"

"Kama vinapanda, mbona mlango wao umeuweka chini?"

Nikashuka. Nikalala kando yake kwenye vumbi, nikatazama anapoelekeza. Kile kinati cha kutolea upepo kilikuwa kwenye tumbo la kibanio, kinachungulia ardhi. Nikazunguka upande wa pili. Vilevile. Upepo ulikuwa umejikalia juu kabisa, raha mustarehe, na mimi siku nzima nilikuwa namwaga mafuta kutoka chini yake.

"Labda ndivyo vilivyo," nikasema, lakini sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

"Tutazame kwa mwenzio."

Bagindo alikuwa barazani anakunywa kahawa. Ilinibidi nimeze mate mazito kabla ya kufungua mdomo.

"Uda Bagindo, tafadhali. Naomba kuchungulia gurudumu lako."

Alikuwa na maneno tayari, niliyaona yakipanga foleni kwenye midomo yake. Akamtazama Yusnimar na uso wake uliojaa vumbi. Akatazama dirisha la Elfina lililofungwa. Akaweka kikombe chini.

"Njoo," akasema.

Na huwezi kuamini: Bagindo, na shati lake la pasi, alilala chali uani kwa mama mkwe, akaingiza kichwa ndani ya tairi la gari lake.

"Cha kwangu kiko juu," sauti yake ikatoka. "Juu kabisa, kama kofia."

Tukatazamana sote watatu. Vibanio vyangu nilikuwa nimevifunga kwa kupishana. Cha kulia kiko kushoto, cha kushoto kiko kulia. Vinafanana kama mapacha, vinaingia popote, tofauti ni pale kinati kinapokaa tu.

"Lakini niliviweka vizuri kwenye gunia!" nikalalamika. "Kulia kulia, kushoto kushoto!"

"Gunia lipi?" Amak Rosmaini alikuwa mlangoni na ungo wa pilipili. "Lile la kuanikia? Nilihitaji kuanika. Nikayaondoa machuma yako."

"Ukayarudisha, Amak?"

"Bila shaka niliyarudisha. Mimi si mwizi. Moja huku, moja huku." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani si yanafanana?"

Bagindo akakohoa. Yusnimar akakodolea macho kidole gumba cha mguu wake.

"Yanafanana sana, Amak," nikasema. "Mfungaji ndiye aliyetakiwa kutazama."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nioe kumwona mama mkwe wangu akikosa la kusema. Alichukua pilipili moja kwenye ungo, akaigeuza, akairudisha.

"Mtakula nini mchana?" akauliza, akaingia ndani.

Tukafungua, tukahamisha, tukafunga kila kimoja mahali pake, vinati vikitazama mbinguni. Tukaanza kutoa upepo, tukianza gurudumu la nyuma lililo mbali na pampu, tukimalizia la mbele lililo karibu. Yusnimar alikanyaga, mimi nilifungua, Bagindo alilinda kikopo kisikauke, na kila alipoongeza mafuta alitangaza kwa sauti kubwa kama aliyegundua kazi hiyo yeye.

Nilipofungua kinati cha mbele, kwanza hakikutoka kitu. Halafu kikakohoa. Puuuh! Povu likaruka nje ya mpira, jeupe, likajaa chupa. Bagindo alipiga kelele kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Upepo wote ule! Ulikuwa umelala humo tangu jana ukitucheka.

Mafuta yakawa safi. Nikafunga.

"Yus, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Na?"

Nikainua kichwa. Alikuwa anacheka, machozi yamemtoka.

"Haiendi, Uda. Imekataa. Imekataa kabisa!"

Tulikaa hivyo tukaisubiri, bila mtu kugusa kitu, ipumzike kadiri ilivyotaka. Kisha Amak akaitwa. Safari hii sikumwambia chochote, na mguu wangu niliuweka mbali, ardhini, kila mtu auone. Alipanda, akakanyaga kwa mguu mmoja. Akakanyaga kwa miwili. Akajiinua kutoka kwenye kiti, akasimama juu ya pedeli na uzito wake wote.

"Jiwe," akasema.

Sijawahi kusifiwa hivyo ukweni. Nikalizungusha gari kijijini, kwanza polepole, kisha kwenye mteremko wa msikitini, nikifunga breki kila hatua. Lilisimama kila nilipotaka. Mzee mmoja aliyekuwa akivuka na bata wake alinitukana. Nilimshukuru.

* * *

Jumapili ikafika na ukungu.

Kabla hatujaondoka, Datuak akasimama mbele ya gari. Datuak ni kaka yake Amak, mkuu wa ukoo, mzee ambaye akikunja uso hata jogoo hughairi kuwika. Siku hiyo yeye na wazee wenzake wangebaki nyumbani kumpokea bwana harusi.

"Muombeni vizuri," akatuambia. "Mleteni kwa heshima."

Kwa desturi mama wa bibi harusi haendi kumchukua mkwe. Lakini Amak Rosmaini na desturi hukubaliana pale Amak anapotaka. Alikaa kiti cha mbele kando yangu, bakuli la shaba la tambuu mapajani. Yusnimar akakaa nyuma na nguo za bwana harusi. Bagindo akatangulia na gari lake, amebeba kuku wa kuchoma na wali wa manjano.

Tukaanza kushuka.

Nikaweka gia ndogo, nikaiacha injini ilishike gari, breki nikaigusa kwa adabu pale tu ilipohitajika. Kona ya kwanza. Ya pili. Pedeli ilikuwa juu, imara, ikisikiliza mguu kama mtoto aliyelelewa. Ukungu ulikuwa mzito, taa zetu hazikufika mbali. Nyani walikaa ukingoni wakitutazama kama wazee wa baraza.

"Piga honi," Amak aliamuru kila kona.

"Nimepiga, Amak."

"Piga tena. Nyani hawa ni viziwi."

Kule kwenye zile kona, anayepanda ndiye mwenye njia. Anayeshuka humpisha. Nilipisha lori la samaki. Nikapisha basi dogo. Katikati hivi ya safari nikapisha pikipiki moja, dereva amejifunika koti la mvua mpaka kwenye kofia ya chuma, anapanda mbio, hatazami kulia wala kushoto. Nikasimama kabisa, nikamwonyesha mkono: pita, bwana. Akapita, ukungu ukammeza.

"Umesimama vizuri," Amak akasema.

Nilikaribia kuimba.

Tulipotoka kwenye ukungu, ziwa lilikuwa chini yetu lote, linang'aa. Nilihisi mtu akinigusa bega. Alikuwa Yusnimar, kutoka nyuma. Aliuacha tu mkono wake hapo mpaka kona ya mwisho.

* * *

Nyumbani kwa kina Afrizal vyombo vya muziki vilikuwa vikilia. Bagindo alishuka, akanyoosha shati. Mimi nilifungua mlango wa Amak kama dereva wa mfalme. Amak akainua bakuli lake la tambuu, akaanza yale maneno ya kuomba, marefu, yenye kupanda na kushuka, ambayo alikuwa ameyarudia wiki nzima jikoni.

Muziki ukakatika.

Mama yake Afrizal, Amak Syamsinar, alitokea mlangoni. Alitutazama sisi. Akalitazama gari. Akatazama barabara nyuma yetu.

"Hamkukutana naye?" akauliza.

"Na nani?" Amak Rosmaini akasema.

"Na mwanangu."

Amak Rosmaini akashusha bakuli lake la tambuu.

"Elfina alimpigia simu juzi jioni," akaendelea yule mama, akisokota ncha ya mtandio. "Alikuwa analia. Alisema gari la marehemu halina breki, mama yake nusura apelekwe korongoni. Afrizal hakulala. Asubuhi hii akasema, siwezi kukaa hapa nimepambwa huku wazee wananifuata na gari lisilo na breki. Nitawawahi juu niwazuie wasishuke. Akachukua pikipiki."

"Elfina hakumwambia kwamba tumelitengeneza?" Yusnimar akauliza.

Jibu tulilijua. Katika shangwe za siku ile kila mmoja alidhani mwingine amemwambia Elfina, na Elfina alidhani tunakwenda na gari la Bagindo, hata hakumpigia tena Afrizal.

Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine. Nilikuwa nafikiria koti la mvua.

"Amak," nikasema, "yule niliyempisha..."

"Nyamaza, Sutan."

"Nilimwonyesha na mkono."

"Nimesema nyamaza."

Yusnimar alikuwa tayari amepiga simu nyumbani, ameifungulia sauti tusikie sote. Iliita kidogo tu, Elfina akapokea, akimwita dada yake Uni kwa kunong'ona.

"Uni? Uni, Afrizal yuko hapa!"

"Hapa wapi?"

"Jikoni! Alikuja kuwazuia, akakuta mmeshaondoka. Amelowa chapachapa, nimempa wali. Nifanye nini? Wazee wanaingia uani!"

Amak alimnyang'anya Yusnimar simu. Bwana harusi aliyejileta mwenyewe, hajaombwa, hajaletwa, anakula jikoni kwa bibi harusi kabla ya ndoa! Niliona rangi ya koo mbili ikipotea kwenye nyuso za kina mama wawili kwa mpigo mmoja.

"Mfiche!" Amak akasema.

"Wapi, Amak? Nyumba imejaa watu!"

"Popote! Ghalani! Chini ya kitanda! Mfunike na mkeka!" Akanigeukia, bakuli la tambuu kwapani, macho yanawaka. "Sutan. Breki zako nimeziona. Sasa nataka kuona kama gari hili linajua kupanda."

Nilishaingia kwenye kiti. Nilishawasha. Bagindo alikuwa amelitelekeza gari lake jipya na anajipenyeza kiti cha nyuma na kuku wake wa kuchoma.

Ndipo, ndani ya simu ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, tukasikia mlango wa jikoni ukilia kwenye bawaba zake, na sauti nzito ya Datuak, taratibu, yenye adabu zote:

"Elfina, binti yangu. Na huyu kijana anayekula wali ni nani?"